Kilomita Kumi na Tatu za Kinyozi

Mwalimu wa hesabu alikuwa mtu wa kuhakikisha. Ukimwambia nje kuna mvua, alitoa mkono dirishani kwanza ndipo achukue mwavuli. Wanafunzi walimbandika jina la Onyesha Njia, kwa sababu hata ukilipata jibu kamili, alikunyima alama mpaka uandike hatua kwa hatua ulivyolifikia. Jina hilo alilijua, na kusema kweli lilimpendeza.

Sasa mtu wa namna hiyo umwambie kwamba shemeji yake, kinyozi mwenye kitambi kinachomtangulia mlangoni, amekimbia marathoni ya jiji na kumwacha kwa dakika ishirini na tano. Atalikubali?

Hakulikubali. Mwaka uliotangulia Mwalimu alikuwa amefanya mazoezi miezi tisa. Aliacha sukari, akapanda na kushuka ngazi za shule akiwa na madaftari mgongoni, akajua kwa kichwa mwinuko wa kila barabara. Siku ya mbio alivuka mstari kwa saa tano na dakika sita, mapaja yamechubuka, kidole gumba cha mguu kimevilia damu. Akamkuta Kinyozi, ndugu wa mkewe, ameketi ukingoni mwa barabara anamenya ndizi, medali shingoni, anapiga soga na watu wa msalaba mwekundu.

"Shemeji!" Kinyozi alimwita. "Mbona umekawia hivyo? Tulishaanza kukuombea."

Mwalimu alicheka pamoja na wengine. Lakini jicho lake lilikuwa limeshatua kwenye fulana ya Kinyozi. Fulana ilikuwa na unyevu kidogo makwapani, basi. Mtu aliyekimbia kilomita arobaini na mbili na ushee, na fulana yake unaweza kuivaa ukaenda nayo harusini!

Wiki ile ile waandaaji waliweka picha za wakimbiaji kwenye mtandao. Unaandika namba yako ya kifuani, picha zako zinakuja. Mwalimu aliandika yake, akajiona anavyokunja uso kila baada ya kilomita chache kama mtu aliyekanyaga msumari. Kisha, mlango ukiwa umefungwa, akaandika ya Kinyozi. Kilomita ya tano, yupo. Ya kumi na nne, yupo. Ya ishirini na moja, pale penye mkeka wa kunasa muda, yupo, amelowa chapachapa. Halafu kimya. Halafu kilomita ya thelathini na tisa, huyo, anatabasamu, fulana kavu, kidevu juu. Katikati, hata kivuli.

Akamwendea mkewe jikoni. "Hivi kaka yako mwaka huu alipita njia gani?"

"Njia si ilikuwa moja kwa wote?" mkewe alijibu, akageukia sufuria haraka kuliko sufuria yenyewe ilivyohitaji. Mwalimu akaliona hilo pia, akaliweka akilini.

Tangu hapo akawa mtu wa kuokota vijidalili. Akiingia sebuleni mkewe na Kinyozi wanazungumza, mazungumzo yanarukia hali ya hewa. Jumapili asubuhi, siku ambayo saluni za wenzake zilijaa watu mpaka barazani, ya Kinyozi ilikuwa na kufuli mpaka saa sita. Na mkewe alianza kufuma soksi. Soksi ya sufu, nene, ya rangi ya kijivu, pana kuliko mguu wowote wa nyumba ile. Alipoimaliza hakufuma mwenzake. Baada ya miezi miwili akaanza nyingine, nayo ikawa moja.

"Hii ya pili si ya ule mguu mwingine?" Mwalimu aliuliza.

"Ile ya kwanza nimeshampa mtu."

"Mtu gani wa kuvaa soksi moja?"

"Wewe baba, utaanza kukagua hata sindano zangu sasa?"

Moyoni Mwalimu alisema: hawa ndugu wawili kuna kitu wananizunguka nacho, na mzizi wake uko kwenye zile kilomita zisizo na picha. Zilipopigwa mbiu za marathoni ya mwaka uliofuata, aliandikisha jina siku ya kwanza. Safari hii hakuwa na haja ya kushindana na saa. Alitaka kukimbia nyuma ya Kinyozi, hatua kwa hatua, mpaka aijue njia yake.

Asubuhi ya mbio Kinyozi alikuja kumpitia kukiwa bado kuna ukungu. Mwalimu alikuwa chumbani akijipaka mafuta ya mgando kwenye mapaja, akamsikia mkewe akinong'ona mlangoni: "Mpe hii, mwambie aifue kwa maji ya vuguvugu, isije ikasinyaa." Alipotoka na viatu mkononi, aliwahi kuona kifurushi kidogo kinazama ndani ya mkoba wa kiunoni wa Kinyozi. Mkoba wenyewe ulikuwa umevimba, na ndani yake kitu cha chuma kikagongana na kingine.

"Umebeba nini, shemeji? Unakwenda kukimbia au kuhama?"

"Dawa ya kuchua misuli," Kinyozi alisema, akaufunga zipu. "Umri huo."

Pale pa kuanzia watu walikuwa wamesongamana kama mchele guniani. Harufu ya dawa za kuchua ilikuwa kali, mtu unapiga chafya. Foleni ya vyoo ilizunguka mara mbili. Kulikuwa na wanaoruka-ruka, wanaosali, wanaobanwa pini za namba kifuani na wake zao. Mwalimu alimuaga Kinyozi, akamwambia yeye anakwenda kusimama mbele na wenye kasi. Akazunguka magari ya wagonjwa, akavua kofia yake nyekundu ambayo kila mtu aliijua, akavaa nyeusi mpya, akarudi kujibanza nyuma kabisa, hatua arobaini kutoka kwenye ule mgongo mpana.

Kilomita za kwanza zilimtesa kwa namna asiyoitarajia. Kumfuata mtu ni kazi. Kinyozi akipunguza, naye apunguze. Kinyozi akisimama kwenye meza ya maji na kuwatania wagawaji, naye ajifanye anatoa jiwe kiatuni. Kufika kilomita ya kumi alikuwa ametoa mawe ya kujengea ukuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikimbia sambamba naye, mwenye viatu vyeupe vya uuguzi na kitambaa cha zambarau kichwani, alimtazama mara ya tatu, akashindwa kuvumilia.

"Samahani, baba. Wewe unakimbia mbio au u askari kanzu?"

"Kwa nini?"

"Huyo bwana mwenye kitambi, hujamwondolea macho tangu daraja la kwanza."

"Ni shemeji yangu."

"Aaa," Muuguzi alisema, kana kwamba neno hilo limemaliza maelezo yote, akaongeza mwendo.

Kilichomsumbua zaidi Mwalimu ni kwamba Kinyozi alikuwa anakimbia kweli. Si kwa kasi, na si kwa uzuri. Kitambi kilikuwa na mbio zake na yeye ana zake. Lakini alikimbia. Mlima wa kilomita ya kumi na sita, ambao mwaka jana ulimtoa Mwalimu machozi, Kinyozi aliupanda bila kutembea hata hatua moja. Pale juu akamkuta mtu amekaa chini ameshika shavu la mguu, msuli umemkaza. Akapiga magoti, akamkunja mguu, akamkanda mpaka akasimama. Mwalimu alikuwa nyuma ya nguzo ya taa, jasho linamwingia machoni, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kama hakuwa amepoteza mwaka mzima kumtilia shaka mtu asiye na kosa. Walivuka mkeka wa kilomita ya ishirini na moja, kifaa kikalia, mpiga picha akapiga. Mwalimu akaanza kufikiria namna ya kumfikia yule bwana na kumkimbilia ubavuni kama ndugu.

Kilomita ya ishirini na tatu Kinyozi alichukua chupa mbili za maji mezani. Akatazama nyuma. Mwalimu akainama. Alipoinua kichwa, Kinyozi alikuwa ametoka barabarani. Mgongo wake ulikuwa unaishia kwenye kichochoro kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la dobi.

Ile hamu ya kukimbia ubavuni ikayeyuka. Ikaja furaha, na ilikuwa furaha mbaya, ya mtu aliyemkamata mwanafunzi na karatasi kwenye soksi. "Nilijua," Mwalimu alisema kwa sauti, na mkimbiaji aliyekuwa akimpita akageuka kumtazama. "Nilijua mimi!"

Akaingia kichochoroni. Palikuwa na maji ya sabuni yanayotiririka kutoka kwa dobi, mashuka yameanikwa mpaka usoni, na makelele ya barabarani yakafifia kama mtu kafunga mlango. Kinyozi alikuwa anatembea sasa, kwa starehe zake, anajifuta shingo. Akasimama mbele ya mlango wa mbao wenye rangi ya kijani iliyobanduka, akagonga mara mbili, akaingia bila kusubiri.

Mwanamke, Mwalimu aliwaza. Ana mwanamke huku! Na dada mtu ndiye mfichaji. Akasogea akinyata, viatu vinalia chubwi chubwi, akatega sikio kwenye ufa.

"Umechelewa," sauti ilisema ndani. "Chai imeshapoa, imekuwa ya mgonjwa."

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Kisha akacheka, na mwishoni mwa kicheko akakohoa mara mbili, kikohozi kifupi cha kukatisha. Mwalimu alishika fremu ya mlango. Kikohozi kile alikuwa amelala nacho chumba kimoja miaka kumi na minane. Alikuwa kaka yake.

Hapa lazima isemwe jambo ambalo Mwalimu hakumsimulia mtu. Yeye na kaka yake waliwahi kufanya kazi shule moja: mdogo akifundisha hesabu, mkubwa akitunza stoo. Mwaka mmoja mitihani ya mwisho ilivuja. Kamati iliundwa, watu wakahojiwa, na Mwalimu akasimama mbele ya ile meza ndefu akaeleza alichokiona: jioni moja, kaka yake akitoka stoo na bahasha kwapani, akafunga mlango haraka. Hakuna aliyemlazimisha. Aliamini ukweli hauna ndugu. Kaka yake alipoulizwa kilichokuwa kwenye bahasha alisema ni barua zake za hospitali, na kamati ikacheka. Alipofukuzwa alipita mbele ya mdogo wake ukumbini, akamwambia, "Asante, Mwalimu." Tangu kuzaliwa hakuwahi kumwita kwa kazi yake. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya mwisho kusikia sauti yake, mpaka leo, miaka kumi na moja baadaye.

Na hilo si zito lote. Miaka minne baada ya kufukuzwa kwake, mwendesha mashine ya kurudufu aliugua, akaona mwisho wake umefika, akakiri kwamba mitihani ile alikuwa akiitoa yeye. Mkuu wa shule akaandika barua ya kumsafisha mtunza stoo na kumwomba radhi. Anwani yake hawakuwa nayo, kwa hiyo akamkabidhi Mwalimu aipeleke kwa mkono. Mwalimu aliipokea. Akaiweka kwenye droo ya meza yake ofisini. Kila wiki alisema ataipeleka wiki ijayo. Ilikuwa humo miaka saba sasa, chini ya rula na bikari. Mtu aliyehakiki kila kitu cha kila mtu alikuwa na droo moja asiyothubutu kuivuta mpaka mwisho.

Alitaka kugeuka arudi barabarani. Lakini miguu iliyokimbia kilomita ishirini na tatu na kusimama ghafla haipokei amri. Msuli wa paja ukamkaza, akaanguka na mlango mzima, akaingia chumbani kwa magoti.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kitanda kimetandikwa, magongo mawili yameegemezwa ukutani, redio, birika. Kwenye kiti katikati alikaa kaka yake, shuka jeupe limefungwa shingoni, nusu ya kidevu imepakwa povu. Kinyozi alikuwa amesimama juu yake na wembe, mkoba wa kiunoni wazi, mkasi na mashine ya kunyolea vimepangwa kitandani. Mguu wa kulia wa kaka yake ulikuwa na kandambili. Wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti, na kwenye ncha yake ulivikwa soksi nene ya kijivu.

Nje, mbali, bendi ya matarumbeta ilikuwa ikipiga.

"Ndiye huyo," Kinyozi alisema mwishowe. "Nilisema nasikia mtu ananyata tangu kilomita ya kwanza."

"Umekuja kukagua?" kaka yake aliuliza. Hakuinua sauti.

"Mguu..." Mwalimu alisema.

"Sukari. Mwaka wa pili huu. Endelea kunyoa, Kinyozi, povu linakauka."

Kinyozi alinyoa, na huku ananyoa akajieleza, macho yakiwa kwenye kidevu cha mtu. Jumapili ndiyo siku yake ya kumnyoa kaka mtu. Hajawahi kuiruka tangu alipotoka hospitali. Marathoni nayo huwa Jumapili. Mwaka jana njia ilipopita hapa karibu alisema ataingia mara moja, anyoe, atoke. Akakaribishwa chai. Wakaongea. Kutupa jicho, saa nzima imekwisha. Mlango wa nyuma wa chumba kile ulitokea kwenye barabara ileile ya mbio, ila kwenye kilomita ya thelathini na sita, baada ya njia kuzunguka mtaa mzima.

"Nikatoka kwa nyuma," Kinyozi alisema. "Nilidhani mashine itanikataa pale mwisho. Haikunikataa. Wakanivika medali. Wewe ukaja, ukaniangalia vile, nikasema nikifungua mdomo nitaambiwa nionyeshe njia, na njia yenyewe inapita chumbani kwa kaka yako. Dada alinikataza. Alisema wewe mwenyewe siku utakayotaka utauliza."

"Kwa hiyo hizo kilomita kumi na tatu..."

"Sikuzikimbia. Andika."

Mwalimu alikuwa amesubiri maneno hayo mwaka mzima. Yalipofika hayakuwa na ladha yoyote. Alibaki sakafuni, ameshika paja, namba imening'inia kwa pini moja.

"Mwaka jana nilikuona," kaka yake alisema. "Nilikuwa nimekaa hapo mlango wa nyuma. Ukapita unachechemea, unalia. Nikakuita kwa jina la utotoni, lile la nyumbani. Ukanipungia mkono, ukidhani ni mshangiliaji tu."

"Sikusikia vizuri."

"Najua. Ndiyo maana sikukasirika. Nilikasirika miaka mingine yote, ile siku hapana."

Mwalimu akafungua kinywa akitaka kusema pole ya mguu. Kilichotoka ni kingine. "Kuna barua yako."

"Barua gani?"

"Ya shule. Yule bwana wa mashine ya kurudufu alikiri. Mkuu wa shule amekuandikia kwamba hukuwa na kosa. Alinipa mimi nikuletee."

Wembe ukasimama hewani.

"Alikupa lini?"

"Miaka saba iliyopita."

Kaka mtu alivua shuka shingoni taratibu, akajifuta povu lililobaki. "Miaka saba. Nimekwenda kuomba kazi sehemu ngapi, unajua wewe? Kila mahali wanapiga simu shuleni kwanza. Nikakaa kibandani kwa fundi viatu nagonga soli mpaka mguu ukaanza kuoza, na wewe una karatasi yangu. Ilikuwa inasubiri nini?"

"Niliona aibu."

"Aibu."

"Ningekuletea, ungejua nilikosea."

"Mimi nilijua tangu siku ile, bwana! Aliyekuwa hajui ni wewe."

Mwalimu alilia. Hakulia kwa adabu. Alilia kama anavyolia mtu kwenye kilomita ya thelathini na tano, kamasi na yote. Kaka yake alimwacha alie. Hakumshika bega wala hakumwambia nyamaza. Alipoona ametulia kidogo alimgeukia Kinyozi.

"Wewe. Vaa mkoba wako utoke kwa mlango ulioingilia. Kimbia zote."

"Kaka, kumi na tatu hizo! Nimeshapoa, misuli imekuwa mbao."

"Nimesema zote. Sitaki mtu aseme tena chumba changu ni njia ya panya. Ukipita hapo nyuma nitakuwa nimekaa, nikuone."

Kinyozi alitazama birika la chai kwa huzuni, akatoka. Mwalimu naye akajaribu kuinuka amfuate.

"Wewe unakwenda wapi?" kaka yake aliuliza. "Unakwenda kuhakikisha?"

Mwalimu akakaa.

Walikwenda kuketi mlango wa nyuma, mmoja kwa magongo, mwingine akijivuta ukutani. Haikujulikana nani aliyekuwa mlemavu zaidi. Mbele yao wakimbiaji walikuwa wanapita, sasa wengi wakitembea, midomo mikavu, chumvi nyeupe kwenye nyusi. Muuguzi wa kitambaa cha zambarau akatokea, akamwona Mwalimu ameketi na kikombe mkononi.

"Askari kanzu!" alipaza sauti. "Umemkamata?"

Kaka yake ndiye aliyejibu. "Amejikamata mwenyewe!" Muuguzi akacheka, akapita.

Walikaa karibu saa mbili. Mwalimu alimwuliza habari za jeraha, akajibiwa kwa maneno machache. Lakini ile tabia yake haikukubali kufa mara moja. Akili yake ilianza kupanga: mkewe amenong'ona mlangoni kwa sauti ya kusikika hivyo kwa nini, na siku zote hunong'ona kimya kama sindano? Kinyozi alijua anafuatwa tangu mwanzo, mbona hakupita moja kwa moja?

"Mlipanga," alisema ghafla. "Nyinyi watatu. Mlitaka nifuate."

Kaka yake alipuliza chai. "Angalia barabara," alisema.

Kinyozi alipita wakati magari ya kufagia chupa yameshaanza kazi, na basi la kuwazoa walioshindwa linamfuata nyuma kwa mwendo wa jeneza. Alikuwa anatembea kwa upande, kama kaa. Dereva wa basi alikuwa anampigia honi apande. Kinyozi akamwonyesha kwa kidole kule mlangoni alikokaa kaka mtu, maana yake: mwambie yule, si mimi. Kaka mtu akapiga makofi kwa nguvu, mara ya kwanza tangu Mwalimu aingie uso wake kufunguka, na Mwalimu naye akajikuta anapiga.

Kinyozi alimaliza kwa saa saba na dakika kumi na nne. Mstari ulikuwa umeshakunjwa, saa kubwa imeshushwa. Mama mmoja aliyekuwa anapakia meza kwenye gari alimpa medali kutoka kwenye boksi, na Kinyozi akamkabidhi ile ya mwaka jana aliyokuja nayo mfukoni. Mama yule hakuelewa hata kidogo, lakini akaipokea. Kucha mbili za miguu zilimng'oka wiki iliyofuata, na akawa anawaonyesha wateja wote, wanaotaka na wasiotaka.

Nyumbani, Mwalimu alimuuliza mkewe kama walipanga.

"Mimi nilifuma soksi," mkewe alisema.

Jumatatu alivuta droo mpaka mwisho. Alikwenda na barua baada ya kazi. Kaka yake aliishika bahasha, akaigeuza-geuza, akairudisha. "Nisomee wewe. Si ulikuwa shahidi?"

Mwalimu alisoma. Alipofika mahali paliposema kwamba mtunza stoo alionewa kutokana na ushahidi usio sahihi, sauti ilimkwama. Kaka yake alimwambia arudie hapo. Akarudia. Akaambiwa arudie tena, na mara ya tatu aliisoma sentensi ile mpaka mwisho bila kukatika. Kaka yake aliikunja barua akaiweka chini ya redio.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Lakini Jumapili Kinyozi hataweza kutembea, na ndevu hazisubiri kucha ziote. Unajua kushika wembe?"

"Sijui."

"Utajifunza. Ukinikata nakufukuza."

Jumapili ile Mwalimu alifika saa tatu asubuhi, mkasi na wembe vya kuazima ndani ya mfuko. Akagonga mlango wa kijani. Ndani akasikia magongo yakitafutwa, gongo moja likianguka, likiokotwa, kisha hatua nzito zikija polepole sana. Akasimama pale kwenye maji ya sabuni ya dobi, akasubiri, wala hakugonga tena.